Dole Gumba Juu

“Dole gumba juu, ngozi nyeusi kiasi,” ilisema simu yangu, kwa sauti yake ileile isiyojua harusi wala msiba.

Nilirudisha kidole nyuma ili isome tena. Nilitamani iwe imekosea. Ikasoma upya, taratibu, bila haya: “Ngabo. Dole gumba juu, ngozi nyeusi kiasi.”

Mshanana wangu, vazi la kujitanda nililoliandaa kwa siku ya gusaba, yaani posa, ambao nilikuwa naukunja kitandani, ukaniponyoka ukaanguka sakafuni. Niliuacha hukohuko.

Ngabo wangu! Mwanamume ambaye Jumamosi ijayo ukoo wake ulikuwa uje hapa kwetu Nyamirambo kuniomba kwa baba yangu, ameambiwa na mama yake aniache, na jibu lake ni dole gumba.

Niyaseme mambo kama yalivyo, msije mkadhani nina wazimu. Mimi sioni. Surua ilinichukua macho kabla sijaanza shule, na sihitaji pole ya mtu. Simu yangu inanisomea. Natelezesha kidole juu ya kioo, nayo inataja kilicho chini yake: majina, maneno, na vile vipicha vidogo vya nyuso na mioyo ambavyo watu hubandika kwenye meseji. Kila kipicha kina jina lake ndani ya simu, na simu hailifichi. Mtu akibandika mkufu mzima wa nyuso zinazocheka, itanitajia uso mmoja baada ya mwingine mpaka chai yangu ipoe. Hata rangi ya ngozi inaitaja, kana kwamba mimi niliyeushika uso wa Ngabo kwa viganja vyangu viwili nahitaji kuambiwa yeye ni mtu wa namna gani.

Ngabo alikuwa analijua jambo hilo kuliko mtu yeyote. Ndivyo mapenzi yetu yalivyoanza. Mimi napokea simu katika kampuni moja ya bima pale Remera, naye yuko upande wa mizigo kwenye uwanja wa ndege, Kanombe. Alipiga siku moja akiwa amewaka moto kwa sababu ya sanduku lililovunjika. Nikamtuliza, akakata. Kesho yake akapiga tena, akaomba radhi kwa Kiswahili kizuri cha Bukoba, maana ndiko walikokulia kabla familia haijarudi Rwanda. Baada ya hapo zikaanza meseji, na meseji zake zilikuwa balaa: “Habari, moyo mwekundu, za, moyo mwekundu, asubuhi, moyo mwekundu, moyo mwekundu, moyo mwekundu.” Nikamwambia, “Kaka, unanipenda ama unanihesabia mioyo ya buchani?” Alicheka mpaka akakohoa. Nikamfundisha: weka kimoja tu, mwishoni, tena kiwe na maana.

Akachagua kikombe cha chai, kwa kuwa tulikutana mara ya kwanza kwenye chai ya maziwa nyuma ya stendi ya Remera. Simu yangu hukiita “kinywaji moto.” Tangu siku hiyo kila ujumbe wake uliishia hapo. Umeamkaje, kinywaji moto. Niko njiani, kinywaji moto. Wengine huambiwa nakupenda. Mimi nilikuwa naambiwa kinywaji moto na mashine, na moyo unanienda mbio.

Uislamu wangu waliumeza kwao. Ngabo alisilimu mwaka jana kwa hiari yake. Mama yake, Mama Mukarugwiza, akalia, akapangusa machozi, akasema Mungu ni mmoja. Macho yangu ndiyo yaliyomkwama kooni.

Ngabo akafungua kundi la WhatsApp la maandalizi, akatutia wote: mama yake, dada yake Shimwa, mjomba wake Jean-Bosco ambaye ndiye angekuwa msemaji wao siku ya gusaba, na mimi. Kunitoa wasingeweza, ingekuwa vita. Wakatafuta namna ya kunisema nikiwa nimekaa mlemle ndani.

Namna hiyo waliipata kwangu. Shimwa alikuja kunitembelea, akala sambusa zangu, akaniuliza, “Wifi, hiyo simu yako inakusomea nini hasa?” Nilikuwa namimina chai, nikamjibu mkato tu, “Inasoma maneno.” Basi yeye akaondoka hapa ameshika hilo: maneno inasoma, picha haisomi. Kuanzia jioni ile jina langu likapotea kundini. Mahali pake akakaa tumbili.

“Tumbili anayefunika macho.” Ndiye mimi huyo.

“Tumbili anayefunika macho, chungu, moto, uso wenye machozi ya kicheko.” Huyo alikuwa Shimwa, akisema nitawachomea nyumba.

“Mtoto mchanga, alama ya kuuliza, tumbili anayefunika macho.” Huyo Shimwa tena, akiuliza kama nitazaa vipofu, na macho yangu yalichukuliwa na surua, si ugonjwa wa kurithi! Mama Mukarugwiza, mama wa sala, akajibu, “Mikono iliyokunjwa, mikono iliyokunjwa.” Mjomba Jean-Bosco alikuwa akiuliza habari za viti na turubai, kana kwamba hayo mengine hayaoni.

Nilikaa kimya. Si kwa upole, sina upole huo. Nilikuwa namsubiri Ngabo. Nilijua anaona, nilijua anajua simu yangu inasoma, nikasema ngoja nisikie mume wangu mtarajiwa atawaambia nini. Zamani kidogo nilimwambia nimelinyamazisha lile kundi kwa kuchoshwa na nyuso za vicheko. Nilikuwa nimelinyamazisha kweli, lakini mtu hujaribu kuacha kusikia anavyosemwa akashindwa. Kila nilipomaliza kazi nilikuwa nalifungua. Ngabo hakusema kitu. Hakucheka nao, ndiyo, lakini hakusema.

Halafu Jumamosi hii, watu wakiwa ndio kwanza wanarudi kutoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, na majembe yao, Mama Mukarugwiza akaleta hukumu: “Tumbili anayefunika macho, pete, alama nyekundu ya kufuta, ndege inayopaa.” Ndege niliielewa upesi. Ngabo alikuwa ameitiwa kazi Dar es Salaam, naye alikuwa amekwisha niambia haendi. Chini ya vipicha vile mama akaandika maneno mawili tu: “Umekubali, mwanangu?”

Na mwanawe akaweka dole gumba.

Nikatoka mpaka barazani, ambako baba yangu, mzee Usumani, alikuwa anashona. Baba ni fundi, na babu yake alikuwa fundi, aliyefika hapa na wafanyabiashara wa pwani akaoa akabaki. Cherehani yake nimeisikia tangu tumboni. Alikuwa anashona kanzu ya Ngabo ya siku ile.

“Baba, acha hiyo kanzu.”

Cherehani ikasimama. “Iko nini, binti?”

“Acha kwanza.”

“Nimebakiza shingo tu.”

“Ibaki bila shingo.”

Nilisikia baba anakunja kitambaa, akaanza kushona gauni la mteja mwingine. Mimi nikarudi ndani nikapiga simu.

“Mukunzi,” Ngabo alisema, akiniita mpenzi kwa Kinyarwanda, na nyuma yake matoroli ya mizigo yalikuwa yakigongana. “Nimebanwa kidogo, nije jioni?”

“Ngabo, njo sasa ivi. Ama usije tena.”

Alikuja kwa pikipiki. Nilimjua kwa anavyomrudishia dereva kofia yake akashukuru mara mbili, na kwa viatu vyake vya kazi anavyovivua mlangoni akavipanga. Nilisikia anamsalimu baba, na baba anamjibu salamu yake vizuri, kisha akaongeza, “Pita. Iko nakungoja. Mimi simo.”

Akaingia. Alinukia sabuni na jua. Alitaka kunishika mkono kama kawaida yake, nikaurudisha mkono wangu nyuma.

“Kaa.”

“Swafiya, kuna nini?”

Mimi huisikiliza simu kwa kasi ambayo mtu mwingine husikia mlio tu, kama mahindi yanayochanua kwenye sufuria. Siku ile niliipunguza kasi mpaka mwisho. Nikaiweka mezani, nikaongeza sauti, nikatelezesha kidole.

“Shimwa,” simu ikasema. “Tumbili. Anayefunika. Macho. Chungu. Moto.”

Sikumwona alivyogeuka, lakini nilisikia kiti.

“Swafiya...”

“Nyamaza. Haijamaliza.”

Ikasoma mtoto mchanga. Ikasoma mikono ya mama. Ikasoma pete na ndege. Ilipofika kwake nikairudia mara ya pili, aisikie anavyosikika. “Ngabo. Dole gumba juu. Ngozi nyeusi kiasi.”

“Unifafanulie,” nilisema. “Mimi ni kipofu, sioni vizuri maana yake.”

“Si unavyofikiri.”

“Sijafikiri. Nimesomewa.”

“Sikiliza, mpenzi. Mama ana presha. Wiki hii wamempeleka hospitali, unajua. Nikasema nikimkatalia sasa hivi ataanguka. Nimemwekea dole ili anyamaze tu, apumzike. Nilikuwa nataka baadaye nimweleze polepole.”

“Baadaye lini? Gusaba iko Jumamosi!”

“Nilifikiria tusogeze mbele kidogo.”

“Ulifikiria na nani? Na mimi? Mie ningejua wapi, uwanja wa ndege, nikisikia ndege inapita juu ya nyumba?”

Nikikasirika Kiswahili changu cha Nyamirambo kinatoka chote, na siku ile sikukizuia.

“Nikuulize, Ngabo. Weye ulijua simu yangu iko nasoma vile vipicha?”

“Nilijua.”

“Nani alikufundisha?”

“Wewe.”

“Uliwaambia?”

Nje cherehani ilikuwa imesimama tena. Baba alikuwa amesema hayumo, lakini masikio yake yalikuwemo.

“Sikuwaambia,” alisema.

“Sababu gani?”

“Niliogopa. Nilisema nikiwaambia Swafiya anasikia kila kitu, mama atakufa kwa aibu. Halafu wewe uliniambia umelinyamazisha kundi. Nikasema basi, labda hasikii. Litapita.”

“Yaani ulijua inasoma, ukaanza kumwomba Mungu nisisome.”

“Si hivyo...”

“Ni hivyo! Aibu ya mama ulipima ukaona nzito. Yangu ukaona nyepesi, naweza kuibeba mwenyewe, tena bila kujua kama nimeibeba. Shimwa hanijui, huyo naweza kumsamehe. Ulimi wake uko hivyo toka zamani. Lakini wewe! Wewe ulikaa na mimi pale Remera, nikakueleza vile watu wananipitia kama nguzo ya umeme, wananiuliza nasoma vipi, nakula vipi, naolewa vipi. Ukanishika mkono ukasema nikiwa nawe watakoma. Sasa wamenigeuza tumbili, wewe unawawekea dole!”

Machozi yalinitoka na nikayachukia, kwa sababu mtu anayelia huonekana ameshindwa, na mimi sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa na hasira ya kuweza kubomoa ukuta.

“Nifanye nini?” aliuliza. Sauti yake ilikuwa imeshuka. “Niambie nifanye nini, Swafiya. Mbabarira, nisamehe. Niifute ile meseji?”

“Kufuta ndiyo kazi unaijua.”

“Basi niambie.”

Sikuwa nimepanga. Ilinijia pale pale.

“Toa simu yako. Fungua kundi. Bonyeza pale pa kurekodi sauti, uwasomee.”

“Niwasomee nini?”

“Walivyoandika. Vile simu inavyonisomea mimi, neno kwa neno. Kwa mdomo wako. Wasikie.”

“Swafiya, mama...”

“Mama yako aliweza kuiandika. Hataweza kuisikia?”

Nilisikia pumzi yake, nilisikia gauni la mteja likianguka kutoka mapajani mwa baba barazani, nilisikia mwanamke anauza parachichi anapita anaita. Nikajisemea, akisema hawezi, atoke, na hiyo itakuwa ndiyo mara ya mwisho ninasikia vile viatu mlangoni. Nilikuwa nimekwisha amua. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nampenda palepale nikiwa namchukia.

Kisha nikasikia kile kimlio kidogo cha kurekodi.

“Mama,” alisema Ngabo. “Shimwa. Mjomba. Nawasomea mliyoandika humu, kama simu ya Swafiya inavyomsomea yeye.” Akaanza. “Tumbili anayefunika macho... chungu... moto...”

Mashine husoma bila uchungu. Yeye hakuweza. Kwenye “mtoto mchanga” sauti ilimkatika, akarudia. Kwenye “pete” aliongea chinichini mpaka nikamwambia, “Sauti,” akaipandisha. Alipofika mwisho akasema, “Ngabo. Dole gumba juu. Huyo ni mimi.” Akatuma.

Hatukukaa sana kabla simu yake haijalia. Akaweka kwenye spika bila mimi kumwambia.

“Ngabo! Ni wazimu gani huo umetuma?” Mama Mukarugwiza alikuwa anahema.

“Nimesoma mlichoandika, mama.”

“Sisi hatukuandika kitu. Ilikuwa vipicha tu.”

“Simu yake inavisoma vipicha.”

Kwa mbali nikamsikia Shimwa: “Oya, haiwezekani! Aliniambia mwenyewe inasoma maneno!”

Halafu mama akasema jambo ambalo bado linanichoma nikilikumbuka. Hakusema samahani. Hakusema yewe jamani, tumemkosea mtoto wa watu. Alisema, “Kumbe inasoma?” Kama mwizi anayeambiwa kumbe kwenye ua kulikuwa na mbwa.

“Inasoma, mama,” alijibu Ngabo. “Na mimi nilijua tangu siku ya kwanza.”

Hapo fundo moja la hasira yangu lililegea. Moja tu.

“Ulijua? Ukatuacha tujivue nguo mbele ya mtoto wa watu?”

“Niliwaacha, na niliona sawa kumwacha na yeye. Nimekosa kwenu na kwake. Lile dole nalifuta. Dar siendi. Jumamosi nakuja kuomba.”

“Na mimi nikikataa kuja?”

“Nitakuja na mjomba.”

“Bila mama yako?”

Nilijua anachokipima, maana hata mimi nisingemtakia mtu aende kuomba mke bila mama yake.

“Bila mama yangu,” alisema, na sauti yake ikapasuka katikati.

Nikanyoosha mkono, akaniwekea simu kiganjani.

“Shikamoo, mama.”

Nilimsikia anashtuka. Lakini salamu haikataliwi. “Marahaba,” ilimtoka kabla hajajua.

“Mama, nimesikia yote, na nimeyasikia tangu yalipoanza.”

“Swafiya mwanangu, tulikuwa tunatania. Utani wa mawifi, unaujua.”

“Utani naujua, mama, hapa Nyamirambo tumezaliwa nao. Mtu anakutania usoni, nawe unamrudishia. Nyinyi mlinitania nimekaa katikati yenu, mkadhani mimi ni kiti.”

Nilimsikia anamnyamazisha Shimwa.

“Na sikukatazi kunikataa,” niliendelea. “Mzazi ana haki ya kumkataa mkwe. Lakini unikatae kwa mdomo, kwa jina langu, mbele yangu. Usinikatae kwa tumbili.”

“Unataka nini basi, binti wewe?” Sauti ilikuwa imepanda tena. “Nipige magoti?”

“Hapana. Mama hapigi magoti kwangu. Jumamosi mkija, desturi mnaijua. Baba yangu atajifanya hamjui mnayemtaka. Atasema hapa wasichana wako wengi, mnaomba yupi? Mjomba Jean-Bosco asijibu. Ujibu wewe. Utaje jina langu, na useme ni yule asiyeona.”

“Mbele ya watu wote?”

“Mbele ya watu wote. Mnaliona aibu kulisema kwa sauti, ndiyo maana mkalifanyia vipicha. Mimi silionei aibu. Nataka lisemwe na wewe, halafu liishe.”

“Mwanamke kujibu mahali pa msemaji! Hiyo desturi umeitoa wapi?”

“Na ile ya tumbili mliitoa wapi?”

Akakata simu.

Ngabo alisogea. “Swafiya,” alisema, na kidole chake kikagusa kifundo cha mkono wangu, pale anapopenda kugusa. Mwili wangu wote ulitaka kumwegemea. Nikakiondoa kidole chake.

“Nenda nyumbani kwenu.”

“Nimeshamaliza kuchagua, mpenzi. Nimechagua hapa.”

“Nimesikia. Lakini mama yako ana presha, na leo umemchoma. Nenda ukakae naye. Ila ukae naye unasema, Ngabo. Usikae naye unabonyeza.”

Akavaa viatu vyake mlangoni, akamuaga baba kwa unyenyekevu, na baba akamjibu, “Haya,” basi, hakumwongezea hata neno. Pikipiki ikaondoka ikapotelea kwenye mteremko.

Nililia sasa vizuri, peke yangu, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kudhani nimeshindwa. Nilikuwa nampenda yule mtu mwoga. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko tumbili. Kama nisingempenda, ningecheka, ningetoka kundini, ningekwenda kazini Jumatatu nikapokea simu za watu waliovunjikiwa masanduku.

Baba alichungulia. “Kanzu niikunje niweke mbali?”

“Sijui, baba.”

“Haya. Naiacha hapa mezani. Haili chakula.”

Nikainama nikaupapasa mshanana sakafuni, nikaukung’uta vumbi. Adhana ya alasiri ikapita, tukaswali, baba akarudi kwenye gauni la mteja. Mimi niliishika simu kama mtu anayeshika chuma cha moto. Kundi lilikuwa kimya. Shimwa hakuthubutu hata uso mmoja unaocheka.

Jua lilikuwa limeanza kupoa mgongoni mwangu, pale dirishani, nilipoifungua simu kundini tena.

“Mama Mukarugwiza,” ilisema.

Nilisita. Kisha nikatelezesha kidole, nikiwa tayari kusikia ndege tena.

“Nimeambiwa inasoma yote. Basi isome na hii. Jumamosi nitajibu mwenyewe. Nitataja jina lako na nitasema huoni. Lakini baba yako asiniulize mara mbili, nina presha.”

Niliirudia. Nilikuwa natafuta kipicha kilichojificha mwishoni, mikono iliyokunjwa au kitu. Hakikuwepo. Yalikuwa maneno matupu, ya mwanamke aliyeketi na kuyaandika moja moja kwa kidole kizito. Samahani haikuwemo pia. Hilo nililiona, na sikulisahau.

Kisha chini yake, mbele ya mama yake, mbele ya dada yake na mjomba wake, simu ikasoma tena.

“Ngabo. Kinywaji moto.”

Sikumjibu. Nilimwacha akae na kikombe chake mpaka nitakapopenda mwenyewe. Lakini nilikuwa natabasamu, nikashukuru kwamba hakuna mtu wa kuniona, halafu nikakumbuka baba yupo mlangoni.

“Wanasemaje?” aliuliza.

Nikaiacha simu isome, kwa kasi ya taratibu ili naye asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

“Nisimuulize mara mbili?” alisema. “Wallahi nitamuuliza mara tatu.”

“Baba.”

“Nini?”

“Malizia shingo.”

Nilisikia anafunua kitambaa cha kanzu, anakipanga chini ya sindano, kisha cherehani ikaanza.